Somo la Redio kwa Watu Wazima: Mume na Mke Wachagua Bastola ya Kwanza

(Maneno ya somo hili yalisomwa redioni. Yamepigwa chapa hapa ili mwanafunzi ayasome tena pole pole, darasani au nyumbani.)

Natumaini kila mtu amekaa, daftari iko wazi na penseli imechongwa. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: BASTOLA, RISASI, KUFULI. Mwisho wa somo mtaona kwa nini neno la tatu ni kubwa kuliko yale mawili ya kwanza.

Somo la leo ni la mume na mke ambao hawajapata kupiga silaha hata siku moja, nao wanataka kununua bastola. Jambo hili ni la kawaida sana Marekani, na huko wako ndugu zetu wengi wanaosema Kiswahili. Kwa hiyo mfano wetu utakuwa wa Marekani. Lakini namna bastola inavyofanya kazi, na namna inavyoua, ni ile ile kila mahali. Basi nitasema nanyi kana kwamba ninyi ndio mnaokwenda dukani kesho.

MNAITAKA YA NINI?

Kaeni pamoja jioni moja, watoto wakiisha lala, mkaulizane: Tunataka bastola ya nini? Kujifunza shabaha? Kulinda nyumba? Au ni kwa sababu jirani anayo? Sababu hii ya mwisho si sababu.

Sasa sikilizeni hesabu moja. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za risasi huko Marekani. Katika hao, watu 26,328 walijiua wenyewe. Hiyo ni zaidi ya nusu. Maana yake nini? Maana yake, wengi huifikiria silaha kama kitu cha kumzuia mwizi aliye nje, na kumbe hatari kubwa mara nyingi imo ndani ya nyumba. Mtu mwenye huzuni kubwa huweza kupatwa na saa moja mbaya. Saa hiyo ikipita, huishi. Bastola iliyo wazi haimpi nafasi ya kuivuka saa ile.

Basi kama mmoja wenu, au kijana wenu, ana huzuni nzito, au kama nyumba yenu ina ulevi na ugomvi wa kupigana, jibu la somo hili ni fupi: msinunue sasa. Hakuna aibu katika kusema, "Bado."

SHERIA KWANZA

Marekani, muuza silaha mwenye leseni ya serikali kuu hukupa karatasi ya kujaza, kisha jina lako huchunguzwa. Uchunguzi huo wa nchi nzima ulianza mwaka 1998. Mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa hakubaliwi. Tena, tangu sheria ya mwaka 1996, mtu aliyehukumiwa kwa kumpiga mumewe au mkewe huingia katika katazo hilo, hata kama hukumu yake ilikuwa ndogo. Mgeni mwenye viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida naye hakubaliwi. Na ikiwa mmoja wenu amekatazwa, mwenzake asimnunulie kwa siri. Hilo nalo ni kosa kubwa.

Kila jimbo lina sheria zake pia. New York hutaka leseni kabla ya kuwa na bastola. Texas haitaki kibali cha kununulia. Tanzania, jambo hili limo katika Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na asiye na kibali hana ruhusa. Kenya nako sharti upate cheti. Kwa hiyo ulizeni mahali mnapokaa kabla ya kutoa hata senti moja.

AINA MBILI ZA BASTOLA

Sasa tuingie dukani. Mtaonyeshwa bastola za aina mbili.

Ya kwanza ni rivolva. Ina gurudumu dogo lenye matundu, kwa kawaida matano au sita. Kila tundu hutiwa risasi moja. Ukivuta kifyatuo, gurudumu huzunguka, risasi nyingine husimama nyuma ya mtutu, na nyundo huipiga kitakoni. Samuel Colt wa Marekani alipata hati ya ubunifu wa silaha ya namna hii mwaka 1836, na mpaka leo watu huipenda. Kwa nini? Kwa sababu ni rahisi kuielewa. Ukifungua gurudumu unaona kila tundu, na kama kuna risasi unaiona. Ubaya wake ni kwamba kifyatuo chake mara nyingi ni kizito, na kidole dhaifu huchoka. Tena risasi zake ni chache.

Ya pili ni bastola ya otomatiki. Risasi zake hupangwa katika kikasha chembamba kiitwacho magazini, na kikasha hicho huingia ndani ya mpini. Juu kuna chuma kinachoteleza. Ukikivuta nyuma na kukiachia, risasi moja hupanda kutoka katika magazini na kuingia chemba. Ukipiga, chuma hicho hurudi nyuma chenyewe, hutupa ganda tupu, na huingiza risasi nyingine. Kila ukivuta kifyatuo hutoka risasi moja. Bastola ya Glock 17 kutoka Austria, iliyoanza mwaka 1982, hubeba risasi 17 katika magazini yake.

Sasa simameni hapa, maana hapa watu wamekufa. Ukitoa magazini katika bastola ya otomatiki, usiseme, "Ni tupu." Risasi moja yaweza kuwa imebaki chemba! Fuateni utaratibu huu. Kwanza toa magazini. Pili vuta chuma cha juu nyuma, risasi ya chemba iruke nje. Tatu tazama ndani kwa jicho, kisha gusa kwa kidole. Ukigeuza utaratibu, ukavuta chuma kwanza na kutoa magazini baadaye, utakuwa umetoa risasi moja na kuingiza nyingine. Mwalimu wa darasa, tafadhali waulize wanafunzi jambo hili mara mbili.

UKUBWA WA RISASI

Kwenye kasha la risasi mtaona tarakimu. Kama ni .22, soma "pointi ishirini na mbili". Ni upana wa risasi kwa sehemu za inchi, karibu milimita 5.6. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Risasi ya milimita 9 ina kichwa cha gramu 7.5 au 8. Ile iitwayo .38 Special, ya rivolva, kichwa chake hufika gramu 10.

Kichwa kikiwa kizito na baruti ikiwa nyingi, bastola hurudi nyuma mkononi kwa nguvu zaidi. Mwanafunzi anayeanza na bastola yenye nguvu nyingi huogopa. Akiogopa hufumba macho, na mkono hutikisika kabla risasi haijatoka. Desturi hiyo mbaya ikiisha ingia, kuitoa ni kazi ya miezi. Kwa hiyo walimu wengi huanza na .22. Haina kishindo kikubwa, wala risasi zake si ghali. Lakini msiidharau. Risasi ya .22 yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na inaua.

BASTOLA NDOGO SI BASTOLA YA MWANAMKE

Muuzaji mwingine atamtazama bibi, kisha atatoa bastola ndogo nyepesi na kusema, "Hii ndiyo yako, mama." Bibi, mshukuru, kisha irudishe.

Fikirini mtumbwi na jahazi. Ukiruka kutoka mtumbwini kwenda nchi kavu, mtumbwi husukumwa nyuma sana kwa sababu ni mwepesi. Ukiruka kutoka jahazini, jahazi halitikisiki. Bastola ni vivyo hivyo. Kwa risasi ile ile, bastola nyepesi huupiga mkono kuliko iliyo nzito. Bastola ndogo sana ni ya mtu aliyezoea, na kazi yake ni kubebwa kwa urahisi. Rivolva ya chuma kama Smith & Wesson Model 10, ambayo asili yake ni mwaka 1899, ina uzito wa karibu kilo moja, na kwa sababu hiyo hutulia mkononi.

MKONO WA NANI?

Sasa swali gumu: bastola moja, mikono miwili. Bwana ana vidole virefu, bibi ana vidole vifupi, au kinyume chake. Tumfuate nani?

Mfuateni mwenye mkono mdogo. Mkono mkubwa huweza kushika kitu kidogo kidogo, lakini mkono mdogo hauwezi kurefuka. Shika mpini juu kabisa, mtutu ukinyooka sawa na mkono wako wa mbele. Kisha tazama kidole cha shahada. Ncha yake ifike juu ya kifyatuo bila kupindisha mkono. Isipofika, bastola hiyo ni kubwa kwako. Siku hizi bastola nyingi huuzwa pamoja na vipande vya kubadilisha nyuma ya mpini, ili mpini uwe mnene au mwembamba.

Jaribuni pia kuvuta chuma cha juu. Kama mmoja wenu hawezi, asione haya. Mwalimu amwonyeshe namna ya kukishika kwa mkono mmoja na kuisukuma bastola mbele kwa mkono ule wenye nguvu. Akishindwa bado, tafuteni nyingine, au rivolva.

Wala msinunue kwa macho. Marekani viko viwanja vingi vya shabaha vinavyokodisha bastola. Pigeni tatu au nne za aina mbalimbali, kila mmoja kwa zamu, kisha mchague. Na bwana, usimfundishe mkeo kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui. Nendeni wote wawili kwa mwalimu. Vaeni vizibo vya masikio na miwani, kwa maana sauti ya bastola hupita desibeli 140, na mlio mmoja waweza kuharibu masikio. Mkimaliza nawani mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu vumbi la risasi lina madini ya risasi, nayo ni sumu. Mama mjamzito na akae mbali na uwanja huo.

KANUNI NNE

Mmarekani mmoja, Jeff Cooper, aliyekufa mwaka 2006, alijulikana kwa kufundisha kanuni nne. Mimi nazieleza kwa maneno yangu. Ziandikeni.

1. Kila silaha ichukue kuwa ina risasi, hata kama umeikagua sasa hivi.
2. Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu.
3. Kidole kikae nje ya kifyatuo mpaka umekwisha kulenga na kukata shauri.
4. Kijue unachokipiga, na kijue kilicho nyuma yake.

Kanuni ya nne ni kubwa usiku. Ukuta wa mbao hauzuii risasi, na mtu anayefungua mlango gizani aweza kuwa mwanao anayerudi amechelewa.

NENO LA TATU

Sasa tumefika kwenye neno la tatu ubaoni: KUFULI. Siku mnayonunua bastola, nunueni pia kasha la chuma lenye kufuli. Kama fedha hazitoshi vyote viwili, basi hazijatosha bastola. Wekeni bastola tupu ndani ya kasha, na risasi mahali pengine penye kufuli. Wale wanaoitaka iwe karibu kwa ulinzi watumie kasha dogo la kufunguliwa kwa tarakimu, na tarakimu hizo mtoto asizijue. Chini ya mto si mahali pa bastola. Juu ya kabati si mahali pake. Ninyi mlipokuwa wadogo, je, hamkujua mama alipoficha sukari? Basi watoto wenu nao wanajua.

Wafundisheni watoto neno moja: wakiona bastola, wasiiguse, watoke chumbani, wamwite mtu mzima. Lakini msilitegemee neno hilo peke yake. Mtoto husahau, kufuli halisahau.

Bastola nzuri kwenu, basi, si ile inayong'aa kuliko zote. Ni ile ambayo wote wawili mnaweza kuishika, kuifungua, kuihakikisha kuwa tupu, na kuifungia. Kama mmoja tu anaiweza, bado hamjachagua.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini bastola nyepesi huupiga mkono kuliko nzito?
2. Unapoondoa risasi katika bastola ya otomatiki, unaanza na nini? Kwa nini?
3. Mume ana mkono mkubwa, mke ana mkono mdogo. Wachague bastola ya mkono wa nani?
4. Andika sentensi tatu: Nyumbani kwangu, kitu cha hatari hukaa wapi, na ni nani aliye na ufunguo wake?

Swali la nne si la bastola tu. Wasio na bastola waandike juu ya dawa ya panya, mafuta ya taa au panga. Someni majibu yenu kwa sauti, kila mtu kwa zamu. Kwaherini, wanafunzi wapenzi, mpaka somo lijalo.