Nyumba ya Kukokotwa na Mkokoteni wa Nyumbani

Huenda umepata kuona, ukiwa kando ya barabara kuu ya Karatu au ya Babati, gari la wageni likipita, na nyuma yake limefungwa kijumba cheupe chenye magurudumu mawili. Kina mlango, kina dirisha, na dirishani pana pazia. Watoto hukikimbilia, na wakubwa huulizana: je, ni tela la mizigo, au wamebeba mgonjwa? Si hili wala si lile. Ni nyumba. Ndani mna kitanda, jiko dogo, beseni la kuoshea vyombo, na meza ambayo usiku hushushwa ikawa kitanda cha pili. Mwenyewe hufika mahali jioni, akaegesha, akapika chai, akalala; kesho yake huondoka na nyumba yake kama kobe.

Nyumba hizi ni za namna nyingi, lakini iko namna moja ambayo nataka kukueleza habari zake, maana ina jambo la kutufaa sisi watu wa Mbulu na Hanang. Ni ile ndogo iliyotengenezwa kwa faiba, yaani kitu kilekile cha boti za kisasa za wavuvi. Mwaka 1968, katika mji wa Winnipeg nchini Kanada, bwana mmoja jina lake Ray Olecko, ambaye alikuwa amekwisha kubuni tangi la maji taka la faiba, alifikiri kwamba kitu chepesi na kigumu namna ile kingefaa pia kuwa nyumba ya safari. Akatengeneza kijumba chenye urefu wa mita 4 hivi na uzito wa kilo 400 hivi tu. Akakiita Boler, kwa kuwa umbo lake lilifanana na kofia ngumu ya duara waliyozoea kuvaa mabwana wa Uingereza.

Namna ya kukitengeneza ni hii. Kwanza huwa pana kalibu. Nyuzi nyembamba za kioo hutandazwa katika kalibu hiyo, zikaloweshwa kwa gundi ambayo ikikauka huwa ngumu kama mfupa. Hutengenezwa vipande viwili, cha juu na cha chini, kisha huunganishwa kiunoni kama nusu mbili za kibuyu kilichopasuliwa. Kwa hiyo juu ya paa hapana maungio. Nyumba za kukokotwa za mbao na bati zina maungio mengi, na mvua hupenya kidogo kidogo, mbao zikaoza ndani kwa ndani bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana baadhi ya zile za kwanza za faiba zingali zikisafiri hata leo, na umri wake umepita miaka 50.

(Kanada hiyo ndiyo iliyosaidia kuanzisha mashamba makubwa ya ngano ya Basotu katika miaka ya 1970. Wazee wa Hanang wanaikumbuka kwa matrekta yake, na Wabarbaig wanaikumbuka kwa malisho waliyoyapoteza. Hiyo ni habari nyingine, tena ndefu.)

Lakini sababu kubwa ya kupendwa kwa kijumba kile haikuwa kutovuja. Ni wepesi wake. Zamani mtu aliyetaka nyumba ya kukokotwa ilimpasa kwanza kununua gari kubwa lenye nguvu na lenye kunywa mafuta mengi. Kijumba cha kilo 400 kilivutwa na gari dogo la kawaida, lile ambalo baba wa nyumba alikuwa nalo tayari. Huyo bwana hakuuliza kwanza, “Nyumba iwe kubwa kiasi gani?” Aliuliza, “Atakayeivuta ni nani?”

Hapo ndipo habari hii inapofika kwetu. Utasema: Sisi wa Dongobesh, wa Tlawi, wa Endasak, tutapata wapi nyumba ya faiba? Ni kweli. Lakini mkokoteni unao, au unafikiria kuununua, au unaazima wa jirani. Kijumba cha mgeni na mkokoteni wako vinatawaliwa na kanuni ileile, na wengi wetu huvunja kanuni hiyo kila wiki, na anayelipa ni maksai au punda, ambaye hana mdomo wa kulalamika.

NGUVU YA ANAYEVUTA

Mnyama wa kazi aliyelishwa vizuri aweza kuvuta kwa saa kadhaa kwa nguvu ipatayo sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wake. Chukua maksai wawili wa kilo 300 kila mmoja. Pamoja wana nguvu ya kuvuta kama kilo 60. Sasa chukua mkokoteni wa matairi ya mpira, wenyewe pamoja na mzigo kilo 1,000. Juu ya barabara ngumu iliyo tambarare, mkokoteni huo hutaka kuvutwa kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Maksai hawaoni taabu. Wataenda nao kutoka shambani hadi mnadani.

Lakini Mbulu siyo tambarare. Ukifika penye kilima kinachopanda mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo, uzito wa mkokoteni wenyewe huanza kuwarudisha nyuma kwa kilo 100 zaidi. Jumla sasa ni 140, yaani zaidi ya mara mbili ya nguvu yao. Watajikaza, maana ng'ombe aweza kujikaza sana kwa muda mfupi. Mwenyewe ataona wanakwenda, atadhani ni uvivu wakisimama, atainua fimbo. Huo si uvivu, ndugu yangu. Ni hesabu. Gawa mzigo mara mbili, upande nao nusu nusu, uwapumzishe njiani. Na matope ya udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika ni kama kilima kisichokwisha. Heri kungoja siku mbili njia ikauke.

Punda ni mdogo kuliko tunavyomdhania. Wengi wana kilo 130 hivi, basi wawili kwa pamoja wana nguvu ya kilo 26 tu. Mkokoteni wa kilo 400, mzigo ukiwamo, unawatosha kabisa, tena mahali tambarare. Na punda asifungwe nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu ya kusukumia nira. Punda hana, nira humkata shingoni mpaka kidonda kitoe usaha. Yeye avute kwa mkanda mpana unaopita kifuani, uliotiwa gunia au blanketi kuukuu ndani yake. Kamba nyembamba ya katani ni kisu.

MZIGO UKAE WAPI

Wageni wenye nyumba za kukokotwa huangalia sana jambo moja kabla ya safari: uzito unaolalia pale tela linaposhikana na gari. Huko Marekani wengi hutaka uwe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote, au kuzidi kidogo. Ukiwa mdogo mno, yaani vitu vizito vimerundikwa nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia wa mbwa mwendo unapozidi, na mwisho laweza kuliangusha gari pamoja nalo.

Mkokoteni hauendi mbio hivyo, lakini kosa lake ni lilelile. Ukipakia magunia nyuma ya ekseli, mti wa kukokotea huinuka, nira nayo huinuka, na ule mkanda wa chini ya shingo humkaba ng'ombe koo. Anavuta huku hapati hewa. Ukipakia yote mbele, uzito wote humwangukia shingoni. Basi magunia ya kwanza yapange sawasawa juu ya ekseli, kisha yanayobaki yaelekee mbele kidogo. Ukimaliza, kabla ya kufunga wanyama, shika ncha ya mti kwa mikono miwili uinue. Ikiwa inainuka kwa kujikaza kidogo, vema. Ikiwa inaruka juu yenyewe, au mtu mzima hawezi hata kuitikisa, pakua upange upya.

KUSHUKA NI KAZI KULIKO KUPANDA

Mtu wa Mbulu hahitaji kuambiwa mteremko ni nini. Anajua Magara, anajua ile njia inayoshuka kutoka Dongobesh kwenda Dareda. Kupanda mzigo ukiwa mzito, wanyama husimama tu. Kushuka mzigo ukiwa mzito, mkokoteni ndio unaowafukuza wanyama, na huko ndiko miguu huvunjika.

Mikokoteni yetu mingi haina breki hata kidogo. Mafundi wanatengeneza bodi nzuri, wanapaka rangi, wanaandika maneno nyuma, lakini breki hawatii, na wanunuzi hawaulizi. Uliza wewe. Breki ya mkokoteni si kitu cha ajabu: ni gogo la mti mgumu linalokandamizwa juu ya tairi zote mbili kwa mkono wa chuma au kwa kamba. Kama haupo uwezo huo, kata mti mzito wenye matawi uufunge nyuma uburutwe wakati wa kushuka. Wakulima wa nchi nyingi wamefanya hivyo tangu zamani. Kwa punda ongeza mkanda mpana unaozunguka nyuma ya mapaja, ili auzuie mzigo kwa mwili wake mzima badala ya shingo. Na watoto washuke. Mtoto asiwe juu ya mkokoteni unaoteremka, hata akilia, hata kama amechoka kutoka mnadani.

UTUNZAJI

Mikokoteni yetu mizuri imeundwa juu ya ekseli za magari makuukuu, na hilo ni jambo la akili, kwa maana beringi na tairi zake hupatikana Katesh, Haydom na Mbulu mjini bila kuagiza mbali. Lakini beringi hufa kimya. Mara moja kila miezi michache, na kila mara baada ya kuvuka mto maji yakifika kwenye habu, inua gurudumu kwa jeki au kwa nguzo, ulishike juu na chini ulitikise. Likicheza, fungua. Osha beringi kwa mafuta ya taa, zikauke, tia grisi mpya iliyo safi. Usiongeze grisi juu ya matope. Huko ni kusaga chuma kwa mchanga. Tairi zijazwe upepo sawasawa, maana tairi laini huwaongezea wanyama uzito ambao hukuuweka wewe. Na nyuma bandika vipande vyekundu vinavyong'aa, hasa kama wapita katika lami ya Babati na Katesh wakati wa magharibi. Dereva wa lori hawezi kumwona maksai mweusi gizani.

NI MALI YA NANI?

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi hawalizungumzi. Mkokoteni ukiingia nyumbani, nani anautumia? Pita katika vijiji vyetu asubuhi utaona mkokoteni umesimama chini ya mti, au umekodishwa kubeba matofali ya mtu, na kwenye njia iyo hiyo mama wa nyumba ile ile anapanda kutoka mtoni na ndoo ya lita 20 kichwani, binti nyuma yake na ndoo ndogo. Lita 20 ni kilo 20. Akienda mara nne kwa siku amebeba kilo 80, na kuni bado. Mapipa mawili ya lita 200 juu ya mkokoteni ni maji ya nyumba kwa siku kadhaa, na hiyo ni safari moja. Binti hufika shuleni kengele haijalia.

Simlaumu baba anayekodisha. Fedha ya ada hutoka huko. Lakini nyumba iliyopanga tangu mwanzo kwamba siku fulani ni za maji na kuni, na siku zilizobaki ni za biashara, haina ugomvi. Na mama na vijana wafundishwe kuwafunga wanyama, maana siku uchungu wa uzazi unapoanza, na pikipiki haipatikani, na baba yuko mnadani, atakayeutoa mkokoteni kwenda zahanati ni yule aliyebaki nyumbani. Kwa safari ya namna hiyo tandika majani makavu mengi, godoro juu yake, mgonjwa alazwe kichwa kikielekea mbele, na mtu mmoja aongoze wanyama kwa miguu.

Punda, kwa upande wake, amekuwa na hatari nyingine miaka hii. Ngozi yake ilitafutwa sana kwa biashara ya nje, na wizi ukaongezeka vijijini, mpaka Serikali yetu ikasimamisha uchinjaji wa punda mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukafuata kwa marufuku ya bara zima Februari 2024. Hata hivyo, usiku afungiwe zizini pamoja na ng'ombe.

Limebaki la kuazima. Ukiwa na mkokoteni, kijiji kizima kina mkokoteni. Hivyo ndivyo tulivyo, na si vibaya. Ila azimisha mkokoteni peke yake na wanyama wako wakienda, uende nao wewe au kijana wako, kwa kuwa mwazimaji hajui kwamba maksai wa kushoto anaumwa kwato. Tairi ikipasuka kazini, aliyeazima aizibe. Maneno hayo yasemwe mkokoteni ukiwa bado uani, kabla nira haijawekwa shingoni.