Mikwaruzo Katika Meza za Chuma Kisichoshika Kutu

Katika mazungumzo ya leo twapenda kueleza habari za chuma cheupe kisichoshika kutu, ambacho siku hizi huonekana katika majiko ya shule, ya hospitali na ya nyumba nyingi, kikiwa meza au karo la kuoshea vyombo.

Shauri hili lilitujia tulipoingia katika jiko la shule moja, tukamkuta mpishi amejiinamia kwa huzuni. Alikuwa amepewa meza mpya ing'aayo, naye kwa bidii yake akaisugua kila jioni kwa mchanga na nyuzi za chuma, kama alivyofundishwa na mamaye kusugua sufuria. Muda si mwingi meza ikafifia, ikajaa mikwaruzo, kisha yakatokea madoa mekundu. Mkubwa wake akamwita mvivu. Wengine wakanena ya kuwa muuzaji amewadanganya. Kwa kweli mpishi hakuwa mvivu, wala muuzaji hakuwa mwongo.

Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Alichanganya chuma na madini yaitwayo kromi, kadiri ya sehemu 13 katika 100, akaona hakishiki kutu upesi kama vingine. Chuma cha majikoni leo aghalabu kina sehemu 18 za kromi na 8 za nikeli. Kromi ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, nao ndio ukingao chuma. Ukikwaruzwa hujifanya tena wenyewe, maadamu chuma ni safi na hewa yakifikia.

Basi kutu ya meza ile ilitoka wapi? Ilitoka katika zile nyuzi za kusugulia! Hizo ni chuma cha kawaida. Vipande vyake vidogo vilikatika, vikakwama katika mikwaruzo, vikapata maji, vikashika kutu. Meza ilisingiziwa tu. Na mikwaruzo yenyewe ililetwa na mchanga, maana chembe zake ni ngumu kuliko chuma hicho. Majivu nayo tusiyaamini sana, kwani mara nyingi huchanganyika na mchanga wa mekoni.

Yafaa kutumia dodoki au kitambaa laini, maji ya moto na sabuni, kisha kukausha. Chakula kilichogandamana kiloweshwe, kingojewe kilainike. Nyama na mboga zikatwe juu ya ubao. Sufuria iinuliwe, isiburutwe. Tena chumvi na dawa ya klorini zisilale juu ya chuma hiki, maana huutoboa utando na kufanya vishimo vidogo ambavyo kuvisugua hakuviondoi.

Meza ikiwa imekwisha kukwaruzika, kwanza itazame vema mwangani. Zilizo nyingi zina michirizi myembamba ielekeayo upande mmoja, iliyotiwa kiwandani. Sugua kwa kufuata michirizi hiyo. Usiikate, wala usizungushe mkono. Mkwaruzo mdogo wapunguzwa kwa soda ya kuokea mikate iliyokorogwa na maji kidogo, ukitumia kitambaa. Na madoa ya kutu kadhalika. Mkwaruzo mkubwa zaidi wahitaji karatasi ya msasa (jina limetoka kwa ule mti ambao majani yake makavu mafundi huyatumia kulainisha mbao). Chukua msasa mpya wa namba 400, uloweshe, ujaribu kwanza mahali pa kificho. Usipofaa, tumia namba 320, kisha umalizie kwa 400. Sugua eneo pana, si juu ya mkwaruzo peke yake, lisije likabaki baka. Halafu osha sana, ukaushe.

Lakini chuma king'aacho kama kioo kisiguswe na msasa kabisa. Hicho ni kazi ya fundi mwenye dawa za kung'arishia.

Mpishi yule tulimsaidia kwa alasiri nzima, na mkubwa wake alikuja akashika msasa mwenyewe. Madoa mekundu yalitoka yote. Mikwaruzo mitatu ya kisu, mirefu hata ukucha hunasa, tuliiacha, maana kuifuta kungalifanya bonde mezani.