Mkono Uliolegea Haujafa

Ndugu wanachama,

Mtu wa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu katika Mkoa wa Shinyanga, huenda hajapata kuuona mkarafuu, na wengi wetu hatujapata kushuka katika shimo la dhahabu. Lakini sisi na wachimbaji wadogo wa Shinyanga na Geita tuna msiba mmoja. Wao huporomoka shimoni, sisi huteleza tawini. Na mtu akivunjika shingo, huenda asiweze tena kufumba kiganja. Mchumaji asiye na mkono atachumaje?

Wengi wetu hudhani kuwa jambo hilo likishatokea, limekwisha. Khabari ya leo ni kuwa sivyo daima.

Ndani ya mifupa ya mgongo umepita uti, mfano wa waya wa simu wenye nyuzi nyingi. Ubongo hutoa amri, uti huichukua, na mkono hutii. Mtu aumiapo, mara nyingi nyuzi hazikatiki zote. Baadhi husalia, ila amri hufika dhaifu, kama maji ya mfereji ulioziba. Kazi ya wataalamu ni kuzitia nguvu nyuzi zilizosalia.

Mwaka 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kuwa waya uliozungushwa ukiwekwa juu ya kichwa na kupitishwa umeme wa ghafla, nguvu ya sumaku hupenya fupa la kichwa bila kisu, na mkono ukashtuka pasipo mwenyewe kutaka. Mwaka 2012, Karen Bunday na Monica Perez, huko Marekani, waliupiga ubongo kwa sumaku na mshipa wa fahamu wa mkononi kwa umeme mdogo, wakipima wakati ili ishara mbili zikutane ndani ya uti. Wagonjwa wakakaza vidole kwa nguvu zaidi na kufanya kazi ya vidole kwa wepesi zaidi. Lakini faida hiyo ilikuwa ya muda.

Wengine wakashika njia ya jirani: umeme juu ya ngozi ya shingo, pamoja na mazoezi. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2024, watu 60 walimaliza matibabu, na 72 katika kila 100 walipata nafuu ya nguvu na ya matumizi ya mkono. Hata aliyeumia miaka 34 nyuma alifaidika. Desemba 2024 Marekani iliruhusu chombo hicho kitumike.

Tusidanganyike, ndugu zangu. Hii bado si tiba ya kuitazamia katika kila hospitali; asiuze mtu shamba kwa ahadi ya mwenye kisanduku cha umeme. Na sumaku ya kichwani ina hadhari zake, khasa kwa mwenye kifafa au chuma kichwani.

Lakini mawili tunayaweza leo. Kwanza, aliyeanguka asinyanyuliwe kwa mikono na miguu. Ashikwe kichwa na shingo visigeuke, alazwe juu ya ubao na watu kadhaa kwa pamoja, apelekwe hospitali. Nyuzi zilizosalia zisije zikakatwa na sisi wenyewe kwa pupa ya huruma. Pili, aliyekwisha umia asiachwe kitandani. Anyooshwe vidole kila siku kama alivyoelekezwa na mganga wa mazoezi, kwani hata huko Marekani umeme ulikwenda pamoja na mazoezi.

Msimu ukifika, wazee wa mashamba na wawaeleze wachumaji haya kabla mtu hajapanda.

Wenu katika kazi,
Katibu