Kuongea na simu garini bila kuishika: Kazi ambayo mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe

BARABARA ya kutoka Dodoma kwenda Morogoro, yenye urefu wa takriban kilometa 260, imenyooka kwa sehemu kubwa inapopita Chamwino, Mbande, Kibaigwa na Gairo. Ni barabara inayomshawishi dereva kupokea simu, kwa kuwa nyanda ziko wazi na mandhari hayabadiliki haraka.

Ni barabara hiyo hiyo ambayo ng'ombe huvushwa bila taarifa, malori huharibika yakawekewa matawi ya miti kama alama, na wanafunzi hutembea pembezoni mwake asubuhi na jioni.

Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva anayetumia sekunde tano kupapasa simu iliyoteleza chini ya kiti anakuwa amesafiri mita 110 bila kuangalia mbele, umbali unaozidi urefu wa uwanja wa kawaida wa mpira wa miguu.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, jambo hili limewagusa watu wengi zaidi. Mtumishi anayeendesha gari lake kwenda Mtumba asubuhi, au anayerudi Dar es Salaam mwishoni mwa wiki, hupigiwa simu za kazi akiwa njiani, na simu ya mkubwa wa kazi si simu ambayo mtu huiacha ikaita mpaka ikanyamaza.

Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, zaidi ya miaka 20 kabla ya huduma ya simu za mkononi kuanza nchini mwaka 1994. Hata hivyo, uendeshaji wa kizembe na wa hatari ni kosa chini ya sheria hiyo, na dereva aliyegonga hapati nafuu kwa kueleza kwamba alikuwa akisoma jina la mpigaji.

Ndiyo maana vifaa vya kuongelea simu bila kuishika vimepata wateja wengi. Vipo vya aina nyingi, kuanzia kile kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara hadi kile kinachounganishwa moja kwa moja na redio na spika za gari. Vyote hupokea sauti ya simu kwa njia ya Bluetooth, teknolojia iliyoanzia katika kampuni ya Ericsson ya Sweden miaka ya 1990.

Mikono ikiwa huru, akili bado ina kazi

Kabla ya kuchukua bisibisi, mnunuzi anapaswa kujua kifaa hiki hakifanyi nini. Mwaka 1997 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Redelmeier na Tibshirani uliofanyika Toronto, Canada. Ulionyesha kwamba hatari ya kugongana huongezeka takriban mara nne wakati dereva anatumia simu, na simu zisizoshikwa mkononi hazikuonekana kuwa na unafuu wowote. Utafiti wa Australia Magharibi uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la BMJ ulifikia matokeo yanayofanana na hayo.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Abiria aliyeketi pembeni huona kundi la mbuzi linakaribia barabara naye hunyamaza, pengine hata kupiga kelele ya tahadhari. Aliyepiga simu kutoka ofisini haoni mbuzi wala barabara, na huendelea kudai jibu.

Faida ya kifaa, basi, iko kwenye mambo mawili tu: macho hayaondoki barabarani na mkono hauondoki kwenye usukani. Faida hiyo si ndogo, lakini hupatikana pale tu kifaa kinapokuwa kimefungwa vizuri. Kifaa kinachokoroma humfanya dereva ainame, apaze sauti na kurudia "unanisikia?" mara kumi, na hapo ni afadhali asingekuwa nacho kabisa.

Tatizo la redio za Kijapani

Kifaa rahisi kuliko vyote ni kirusha mawimbi cha FM. Huchomekwa kwenye tundu la sigara, huchukua sauti ya simu na kuirusha kwa mawimbi hafifu yanayonaswa na redio ya gari. Hakihitaji waya wala fundi. Hata hivyo, kwa magari mengi yanayotembea Dodoma, hapa ndipo kero inapoanzia.

Magari mengi ya Toyota kama IST, Vitz, Raum na Noah yaliletwa nchini yakiwa yametumika Japani. Kwa muda mrefu redio za FM za nchi hiyo zilitengenezwa kunasa megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vya Tanzania hurusha matangazo kati ya 87.5 na 108. Mwenye redio kama hiyo amebakiwa na nafasi finyu, kati ya 87.5 na 90, ya kuweka kirushaji chake.

Nafasi hiyo inaweza kuwa tupu mjini Dodoma na kujaa kituo cha redio gari likifika Gairo. Matokeo yake ni dereva kuanza kutafuta masafa mengine kwa kidole huku gari likienda, yaani kufanya lile lile alilonunua kifaa ili aliepuke.

Wengine wamefungiwa kwenye waya wa antena kifaa kidogo cha kushusha masafa, ambacho mafundi hukiita ekspanda. Hao wana tatizo la kinyume. Iwapo ekspanda inashusha masafa kwa megahezi 15, kirushaji kilichowekwa 88 kitahamia 73, chini ya uwezo wa redio. Wao hawana budi kukiweka juu, kwa mfano 100, kisha kukitafuta kwenye redio penye 85. Wengi hukitupa kifaa wakidhani ni kibovu kumbe hesabu hiyo tu ndiyo haikufanyika.

Kama redio ina tundu la AUX, ni heri kuachana na kirushaji na kununua kipokezi cha Bluetooth chenye waya wa AUX na kipaza sauti chake. Sauti hupita kwenye waya, na hakuna kituo cha redio kinachoweza kuiingilia.

Kufunga kifaa cha nyaya

Asiye na AUX, au anayetaka kazi ya kudumu, hufunga kifaa chenye nyaya zake. Kazi huchukua nusu siku kwa asiyezoea. Vifaa vinavyohitajika ni bisibisi, kisu cha plastiki cha kubandulia mapambo ya dashibodi, koleo, tepu ya umeme na mita ya kupimia volti. Asiye na mita asianze.

Hatua ya kwanza ni kuchomoa waya hasi wa betri na kusubiri. Toyota huelekeza kusubiri sekunde 90 au zaidi kabla ya kugusa sehemu zilizo karibu na mifuko ya hewa, kwa sababu mfumo huo hubaki na umeme kwa muda mfupi baada ya betri kutolewa. Nyaya na viunganishi vya rangi ya njano chini ya usukani ni vya mifuko hiyo, na havipaswi kuguswa, kupimwa wala kukatwa.

Redio ikishavutwa nje, nyuma yake huonekana viunganishi viwili, kimoja chenye njia 10 na kingine chenye njia 6. Kifaa kinachouzwa kikiwa na viunganishi vya mtindo wa Ulaya hakitaingia hapo. Badala ya kukata nyaya za gari, ni vema kutafuta waya wa kati wa Toyota, unaochomekwa upande mmoja kwenye gari na upande wa pili kwenye kifaa. Gari likiuzwa baadaye, kila kitu hurudi kilivyokuwa.

Anayelazimika kuunganisha waya kwa waya atahitaji kuzitambua rangi. Katika Toyota nyingi, bluu yenye mstari wa njano ni moto wa kudumu, kijivu ni moto unaokuja baada ya kuzungusha ufunguo, na kahawia ni bodi. Spika ya mbele kulia ni kijani hafifu na bluu. Ya kushoto ni waridi na zambarau. Upande wa kifaa, mara nyingi nyekundu ni moto wa kudumu, rangi ya chungwa ni moto wa ufunguo na nyeusi ni bodi.

Rangi hizo si ushahidi. Gari la mitumba linaweza kuwa limepita mikononi mwa mafundi watatu kabla ya kufika kwa mwenyewe. Betri irudishwe, kisha kila waya upimwe: wa moto wa kudumu usome takriban volti 12 hata ufunguo ukiwa umetolewa, na wa ufunguo usome sifuri mpaka ufunguo uzungushwe. Baada ya kupima, betri ichomolewe tena ndipo maungio yafanywe.

Waya wa moto uwekewe fyuzi ndogo, ya ampea 2 au 3, karibu na mahali unapochukulia umeme. Waya hasi wa spika usiunganishwe na bodi ya gari hata kidogo, kwani katika redio nyingi za kisasa kufanya hivyo huunguza kikuza sauti. Wenye malori ya volti 24 wasitumie kifaa cha volti 12 bila kipunguza volti.

Kipaza sauti ndicho hupuuzwa

Wafungaji wengi humalizia kazi kwa kubandika kipaza sauti popote penye nafasi. Mahali pake ni juu ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kuangalia nyuma, au kwenye nguzo ya pembeni upande wa dereva, kikielekea mdomoni na kikiwa mbali na matundu ya hewa baridi. Nguzo ikiwa na maandishi ya SRS AIRBAG, waya upite nyuma ya mfuko wa hewa, usipite mbele yake. Asiye na uhakika achague juu ya kioo.

Joto la Dodoma lina la kusema katika hili. Gari lililoegeshwa juani huchemka kiasi kwamba gundi ya kubandikia hulainika, na kipaza sauti hukutwa kinaning'inia. Sehemu ya kubandika isafishwe kwa spiriti kwanza, kwani vumbi jekundu la huku halionekani lakini lipo. Simu yenyewe isiachwe kwenye dashibodi. Baadhi ya watengenezaji huonya zisihifadhiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 45.

Wasio na kiyoyozi huendesha madirisha yakiwa wazi, na upepo wa kasi ya kilometa 80 humeza sauti yote. Kipaza sauti hakina tiba ya hilo. Dirisha la upande wa dereva hufungwa wakati wa maongezi, ama maongezi husubiri.

Jaribio lifanyike gari likiwa limesimama, injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inawaka. Mluzi unaopanda kila unapokanyaga mafuta maana yake waya wa bodi umefungwa mahali pabaya, penye rangi au kutu. Ukwanguliwe na kufungwa kwenye chuma kitupu. Jaribio la barabarani lifanywe mwingine akishika usukani, mwenye kifaa akisikiliza pembeni.

Amri za sauti pia zijaribiwe mapema. Vifaa vingi vya aina hii vilitengenezwa kwa kufuata matamshi ya Kiingereza, na jina kama Chilongani linaweza kukipeleka kifaa kwa mtu mwingine kabisa. Namba chache zinazopigwa mara kwa mara zihifadhiwe kwa majina mafupi yasiyofanana.

Betri inayokufa kimya kimya

Lipo kosa moja ambalo huonekana siku kadhaa baadaye. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wapo wanaoacha magari yao kwa siku nyingi wakaenda Dar es Salaam kwa reli. Kifaa kilichounganishwa kwa makosa kwenye moto wa kudumu pekee hakilali, na huendelea kula umeme.

Kifaa kinachovuta miliampea 200 hutumia ampea-saa 4.8 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45, ambayo ni ya kawaida kwa magari madogo, itakuwa imekwisha kabla ya siku ya 10, na gari litakuwa haliwezi kuwaka siku kadhaa kabla ya hapo.

Kipimo chake ni rahisi. Ufunguo utolewe, milango ifungwe, na mita iliyowekwa kwenye kipimo cha ampea 10 iunganishwe kati ya ncha hasi ya betri na waya wake. Injini isiwashwe wakati mita ipo hapo. Baada ya nusu saa, magari mengi husoma chini ya miliampea 50. Likisoma zaidi, fyuzi ya kifaa ichomolewe. Namba ikishuka papo hapo, waya wa rangi ya chungwa haujaunganishwa na kijivu, na redio italazimika kuvutwa tena.