Kutoka Kauli hadi Msimbo: Uandishi wa Maumivu ya Kiuno Migori na Homa Bay

Mvuvi wa Mbita na mchimba dhahabu wa Macalder wafikapo hospitalini, huenda wakatoa kauli moja: "Mgongo unaniuma." Makala haya yanaeleza jinsi kauli hiyo inavyogeuzwa kuwa msimbo wa ugonjwa, na hatari iliyopo ikiandikwa juujuu.

Tatizo la kwanza ni la lugha. Kwa Kiswahili, mgongo huanzia mabegani hadi kiunoni. Kijaluo nacho hutenga ng'e, yaani mgongo, na nungo, yaani kiuno. Tabibu asiyeuliza ni wapi hasa panapouma huwa amepoteza taarifa ya kwanza. Yampasa kuandika pia maumivu yalianza lini, iwapo yanashuka mguuni, iwapo miguu imelegea, na iwapo mgonjwa ana homa, amekonda au hawezi kuzuia mkojo.

Maelezo hayo ndiyo yanayoamua msimbo. Katika toleo la 10 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, M54.5 ni maumivu ya kiuno ambayo chanzo chake hakijaelezwa, M54.4 ni maumivu hayo yakiandamana na ya neva ya mguuni, M51.1 ni kasoro ya diski za pingili iliyoathiri mizizi ya neva. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huandikwa A18.0 pamoja na M49.0. Toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, limeyaweka maumivu ya kiuno, ME84.2, katika sura ya dalili. Mantiki yake ni wazi: maumivu ni ishara, na chanzo bado kinasakwa.

Jambo hili ni zito katika kaunti hizi mbili, ambazo zimelemewa na Virusi vya Ukimwi kwa miaka mingi. Virusi hivyo huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu, nacho chaweza kula pingili kimyakimya. Mgonjwa akiandikiwa M54.5 na dawa za kutuliza maumivu kila arudipo, huenda akapooza kwa ugonjwa unaotibika.

Aidha, daftari la wagonjwa ndilo chimbuko la takwimu. Muhtasari wa MOH 705B hujumlisha wagonjwa wa nje wenye umri wa miaka 5 na zaidi, kisha huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya. Kompyuta haisahihishi kosa la daftarini. Hulifikisha Nairobi lilivyo.

Kwa hivyo, uchunguzi usipokamilika, M54.5 ni jibu la haki kwa siku hiyo. Mgonjwa akirudi, sharti aulizwe upya na aandikwe upya.