Supa Kwenye Mkataba, Saro Kwenye Gunia

Mkataba wa kusambaza mchele huandikwa kwa maneno machache: mchele wa Kilombero, supa, daraja la kwanza, kilo kadhaa kila mwezi. Gunia likifunguliwa kwenye stoo ya mnunuzi, ndani mna mchele mrefu, mweupe, usio na mawe, na mpishi hana la kusema mpaka sufuria ichemke na ile harufu isitoke. Kilichoingia ni Saro, mbegu nyingine ya bei nafuu zaidi, au supa iliyochanganywa na Saro, au mchele wa msimu uliopita uliong'arishwa upya. Uzito umetimia, nyaraka zimetimia, na mnunuzi ameshasaini kupokea. Alichopoteza ni tofauti ya bei kati ya kilichoandikwa na kilicholetwa, na kwa shule ya bweni au hospitali inayonunua kwa tani, tofauti hiyo si ndogo. Ubadilishaji wa namna hii ni vigumu kuuzuia mlangoni mwa mnunuzi, ambako juhudi nyingi zinaelekezwa leo. Huzuilika mapema zaidi, wakati mpunga bado una sura yake, na kwa bei inayomwezesha msambazaji kuleta alichoahidi.

Saro si chakula kibaya, na makosa ya msambazaji yasigeuzwe kuwa sifa mbaya ya mbegu. SARO 5, ambayo kitaalamu ni TXD 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2002 baada ya utafiti uliofanyika hapahapa Ifakara, katika Bonde la Kilombero, na jina lake linatokana na harufu yake ya wastani. Ni fupi, haianguki ovyo kwa upepo, na huzaa kuliko supa. Supa ni ndefu, hulala shambani, huchelewa kukomaa, na mkulima wa Mbingu au Mngeta anayeivumilia anafanya hivyo kwa sababu harufu yake ina bei. Mpunga ukiwa shambani, mtu hahitaji maabara kuzitofautisha, kwani urefu wa mabua unatosha. Ukiwa kwenye gunia na maganda yake, mnunuzi mzoefu bado anaweza kujaribu kuzitenga. Ukishakobolewa na kung'arishwa, punje mbili ndefu nyeupe zinakuwa ndugu. Bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachodungwa kwenye gunia, humwaga punje kiganjani na kuonyesha chenga, mawe na rangi. Anayejua kuuma punje kwa jino atapata hata habari ya unyevu. Ukoo wa punje bambo halina namna ya kuuonyesha. Na ni kwenye mashine za kukoboa ambako mizigo ya wakulima wengi, kutoka Mbingu, Chita na vijiji vingine vya bonde, hukutana na kugeuka shehena moja yenye jina moja.

Mfanyabiashara wa mchele ukimuuliza kwa nini shehena haifanani na mkataba, hakatai sana. Hulalamika, na malalamiko yake yanastahili kusikilizwa mpaka mwisho kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu. Zabuni, atakwambia, huenda kwa aliyetaja bei ya chini, na bei hiyo hutajwa wakati wa mavuno, mpunga unapokuwa rahisi, kisha inamfunga mwaka mzima. Mavuno yakipita, supa inaanza kukimbia: walioihifadhi wanaikalia, madalali wa Dar es Salaam wanaifuata hadi kijijini, na barabara ya Ifakara kwenda Mlimba mvua zikishika humeza malori. Yeye amekwisha kusaini. Malipo ya mwezi wa kwanza hayajaingia, naye anadaiwa na mwenye mashine, mwenye lori na mkulima. Akiacha kupeleka, atakatwa faini na kukosa zabuni ya mwakani. Akipeleka supa, anapata hasara kila kilo. Inabaki njia ya tatu, ambayo hakuna anayemuuliza: apunguze supa, aongeze Saro, mzigo uende. Haoni kuwa ameiba, anaona amejiokoa. Na huongeza jambo linalouma zaidi, kwamba mshindani wake aliyeshinda zabuni kwa bei isiyowezekana alijua tangu siku ya kwanza kuwa hatapeleka supa, na mnunuzi mwenye hesabu ndogo tu za sokoni alipaswa kujua pia.

Utetezi huo haumsafishi. Aliyeshindwa kutimiza anaweza kusema ameshindwa. Kubadilisha kimya kimya na kulipwa kwa jina la supa ni udanganyifu, hata deni liwe kubwa namna gani. Lakini unatuonyesha chanzo. Mkataba wa supa uliosainiwa kwa bei ya Saro umeshaagiza Saro, isipokuwa agizo hilo halikuandikwa.

Kwa upande wa serikali, kauli inayorudiwa ni kwamba sheria mpya ya ununuzi wa umma ya mwaka 2023 na mfumo wa kielektroniki wa zabuni vimeziba mianya. Baadhi ya mianya bila shaka imezibwa: ni vigumu zaidi sasa kuficha tangazo la zabuni au kubadili bei baada ya bahasha kufunguliwa. Ila mfumo unahifadhi kilichoandikwa, na mchele hausafiri ndani ya kompyuta. Kama maelezo yaliyowekwa humo ni "mchele daraja la kwanza", gunia la Saro safi isiyo na chenga linatimiza masharti yote. Madaraja ya mchele hupangwa kwa chenga, unyevu, takataka na rangi. Jina la mbegu ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo ofisa anaweza kukagua kwa uaminifu, akajaza fomu kwa uaminifu, na mnunuzi akawa amedhulumiwa.

Nchi hii imewahi kupambana na ubadilishaji mkubwa kuliko huu, na ndiko neno kuchakachua lilikopatia umaarufu. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, dizeli kodi kubwa, na waliochanganya walivuna tofauti hiyo. Mwaka 2010 vinasaba vikaanza kuwekwa kwenye mafuta ili mchanganyiko ugundulike kwa kipimo. Hatua hiyo ilikuwa na maana, lakini serikali yenyewe haikuishia hapo: bajeti ya 2011/12 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita, na kupunguza ule wa dizeli. Kipimo kilisaidia kukamata. Bei ndiyo iliyogusa faida ya kuchanganya. Waliokuwa wakiwasha koroboi walilipia dhambi za wengine, na hilo lisirudiwe kwenye chakula. Saro iendelee kuwa nafuu. Kinachohitajika ni mnunuzi anayeitaka supa aandike supa na ailipe kama supa, na asiye na fedha hizo aandike Saro bila aibu.

Mbingu kwenyewe kuna mfano wa njia nyingine, na hauko kwenye mpunga. Kakao ya eneo hilo ilizoeleka kuchachushwa na kukaushwa nyumbani, kila mkulima kwa namna yake. Tangu 2013 umekuwepo ununuzi wa kakao mbichi: mkulima hupasua maganda, huleta mbegu zikiwa bado na utando mweupe unaoteleza, zinapimwa, na mnunuzi mwenyewe anazichachusha kwenye masanduku ya mbao kwa siku kadhaa kabla ya kuzianika. Mbegu iliyocheleweshwa inajisema kwa rangi na harufu, hivyo nafasi ya kuchomeka kitu kingine ni finyu. Udhibiti umewekwa mwanzoni, pale bidhaa isipoweza kudanganya.

Mtu atasema mchele si kakao, na shule haiwezi kujenga mashine ya kukoboa. Ni kweli. Wengine watataja Uingereza, ambako kanuni za biashara za mwaka 2005 ziliruhusu Basmati kuwa na mchele wa aina nyingine usiozidi asilimia 7, na kupimwa kwa vinasaba halisi vya mmea. Gharama ya vipimo hivyo ingewaondoa sokoni wasambazaji wadogo wa Ifakara na kuwaachia wakubwa uwanja. Lakini kati ya maabara na kufumba macho kuna mambo ya bei ndogo. Mnunuzi anaweza kuchagua mpunga kabla haujakobolewa, akachukua sampuli tatu za mfuko mmoja, zikafungwa na kusainiwa: moja kwake, moja kwa msambazaji, moja kwa mwenye mashine. Siku ya kupokea, mzigo unapikwa sambamba na sampuli. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua mauzo kwa sampuli na kwa maelezo, na inampa mnunuzi aliyeletewa mchanganyiko haki ya kukataa. Tatizo ni kwamba haki hiyo ni nzito kuitumia wakati wanafunzi mia nne wanasubiri chakula cha mchana.

Ndiyo maana mkataba uache mlango halali kwa siku mbaya. Supa ikikosekana, msambazaji aseme kwa maandishi kabla ya kupakia, mnunuzi akubali au akatae, na bei ishuke hadi bei ya kilicholetwa. Wapo wanaohofia kuwa mlango huo utageuzwa njia kuu. Huenda ikawa hivyo kwa baadhi, hasa ambako mpokeaji mzigo na mleta mzigo wameelewana pembeni, na hapo hakuna sampuli itakayosaidia. Kuchelewesha malipo nako hakutaponywa na kifungu chochote. Mnunuzi anayekaa na ankara miezi mitatu hana nguvu ya kudai harufu.

Mpunga wa bonde hili huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai, na mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Wenye kuandaa zabuni wanaweza kufika kwenye mashine wakati mpunga ungali na maganda. Waende, waandike jina la mbegu na msimu wa mavuno kwenye mkataba, na wamlipe msambazaji kwa wakati.