Kibao cha mwendo peke yake hakimlindi mwanafunzi barabarani

LINAPOTOKEA tukio la mwanafunzi kugongwa na gari akivuka barabara, mara nyingi wakazi wa eneo husika hufunga njia kwa mawe na magogo wakitaka hatua zichukuliwe. Madai yao huwa hayatofautiani sana: matuta yajengwe, kivuko kichorwe, au kiwekwe kibao cha kupunguza mwendo.

Miongoni mwa hayo, kibao ndicho chepesi kutekelezwa, kwani nguzo moja iliyochimbiwa kando ya lami haihitaji bajeti kubwa. Suala ni iwapo kinatosha kuokoa maisha.

Nchini Tanzania, kikomo cha mwendo si jambo geni. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva asizidi kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Abiria aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro amekwisha kuona vibao vya 50 katika miji na vijiji vya njiani.

Abiria huyo ameona pia kinachofanyika. Dereva hupunguza mwendo anapohisi yupo askari mwenye kifaa cha kupima mwendo, maarufu kwa jina la tochi. Madereva wanaokutana naye humtahadharisha kwa kuwasha taa, na akishampita askari huyo, mwendo hurejea kama awali.

Hata hivyo, si sahihi kusema kuwa namba iliyoandikwa kwenye kibao haina maana. Gari lililo katika mwendo wa kilometa 50 kwa saa hukimbia takriban mita 14 kila sekunde. Dereva anayemwona mtoto akiingia barabarani huhitaji kama sekunde moja kabla ya kukanyaga breki, na katika lami kavu gari hilo husimama baada ya mita zipatazo 28.

Gari lililo katika mwendo wa kilometa 30 husimama ndani ya mita 13 au 14. Kwa maana hiyo, mtoto akiwa umbali wa mita 14, dereva wa gari la kwanza ndiyo kwanza anaanza kufunga breki, wakati mwenzake amekwisha kusimama.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 1.19 walifariki dunia kwa ajali za barabarani mwaka 2021. Zaidi ya nusu ya wanaopoteza maisha ni watembea kwa miguu na wanaotumia baiskeli na pikipiki. Shirika hilo linaeleza kuwa kila ongezeko la asilimia 1 la mwendo wa wastani huongeza kwa asilimia 4 uwezekano wa kutokea ajali yenye vifo.

Ndiyo sababu mkutano wa kimataifa wa mawaziri uliofanyika Stockholm, Sweden, Februari 2020, ulihimiza kikomo cha kilometa 30 kwa saa mahali ambapo watu na magari huchangamana. Wales ilichukua hatua ya namna hiyo Septemba 2023, iliposhusha kikomo katika maeneo mengi ya makazi hadi maili 20 kwa saa, sawa na kilometa 32. Madereva wengi walipinga, lakini takwimu rasmi zilizofuata zilionyesha kupungua kwa idadi ya majeruhi.

Tatizo ni kuwa dereva huongozwa zaidi na sura ya barabara kuliko maandishi yaliyo pembeni. Lami pana iliyonyooka humshawishi kukimbia hata kama kibao kinasema vingine. Aidha, kibao kinapowekwa mahali pasipo na nyumba wala shule, madereva hukidharau, na dharau hiyo huihamishia hata kwenye kibao kilichowekwa kwa sababu ya msingi.

Jiji la Dar es Salaam lina mfano mzuri wa njia nyingine. Chini ya mradi ujulikanao kwa kifupi kama SARSAI, ulioendeshwa na asasi ya Amend, shule za msingi zenye hatari kubwa zilichunguzwa moja baada ya nyingine, ikiwa ni pamoja na njia wanazopita wanafunzi. Kisha yalijengwa matuta, vivuko na njia za miguu, viliwekwa vizuizi vya kuzuia magari kupanda zilipo njia hizo, na pale ilipobidi lango la shule lilihamishiwa upande usio na magari mengi.

Mwaka 2019 mradi huo ulitunukiwa tuzo ya miji na taasisi ya WRI ya Marekani. Taasisi hiyo ilieleza kuwa majeruhi walipungua kwa angalau asilimia 26 katika maeneo yaliyoboreshwa, na mwendo wa magari ulishuka kwa kiasi kilichofikia asilimia 60.

Matuta nayo yana kasoro zake. Tuta lisilo na rangi wala alama ya tahadhari ni hatari usiku kwa mwendesha pikipiki, na lililojengwa bila vipimo huchelewesha gari la wagonjwa. Katika barabara kuu zenye njia nyingi, daraja la waenda kwa miguu husaidia, lakini likiwa na ngazi ndefu au likijengwa mbali na kituo cha daladala, watu huendelea kuvukia chini.

Ugumu mwingine ni mgawanyo wa majukumu. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za wilaya na mitaa ziko chini ya TARURA iliyoanza kazi mwaka 2017, na ukaguzi wa mwendo ni kazi ya polisi. Mwanafunzi anayetoka kwao kwenda shule aweza kupita katika mamlaka zote tatu kabla kengele ya asubuhi haijagongwa.

Kwa hali hiyo, kamati ya shule inayoomba kibao haina budi kuomba pia tuta lenye alama, kivuko kinachoonekana na njia ya miguu inayofika langoni. Askari hawezi kushinda mahali pamoja mchana kutwa, na wanafunzi huvuka kila siku ya masomo, awepo asiwepo.